Siku Aliyoichukua Yule wa Mashine ya Tatu

Jua lilikuwa linazama mke wangu aliponituma kubadilisha mtungi wa gesi. Chakula kilikuwa nusu kimeiva, moto umekata.

"Usipitie popote," aliniambia.

Nilicheka. Mimi ni fundi friji, nimetoka kazini nimechoka kama punda. Ningepitia wapi?

Nilipitia.

Duka la kamari linatazamana na la gesi. Nilijiambia nitachungulia tu. Mle ndani kulikuwa na mashine sita ukutani na dada wa kaunta nyuma ya nondo. Pembeni ya mashine ya tatu alikaa mzee mmoja, mikono mapajani. Hakuwa anacheza. Nilipomkaribia nilisikia harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

"Bonyeza sasa," alininong'oneza.

Nikabonyeza. Mashine ikalia, taa zikawaka zote.

"Sitaki pesa zako," alisema bila kunigeukia. "Nipe siku moja."

"Siku gani?"

"Yoyote. Unazo nyingi."

"Chukua, mzee wangu," nikamwambia. Nani angekataa?

Alitabasamu. Sikuona meno.

Nilirudi nyumbani na mtungi begani, napiga mluzi. Tukiwa mezani mke wangu akasema, "Jumapili unatimia mwaka tangu baba yako atutoke. Twende tukasafishe kaburi."

"Twende. Kinachoniuma ni kwamba siku ile sikuwepo."

Kijiko chake kikasimama hewani.

"Hukuwepo? Wewe ndiye uliyemfumba macho."

Nilitafuta kichwani. Nilikumbuka ugonjwa wa baba. Nilikumbuka mazishi. Katikati... hakuna. Peupe.

Nikaanza kumshuku mke wangu. Kwa nini aliniangalia vile? Nilimpigia dada yangu, naye akajibu maneno yaleyale, kana kwamba walikuwa wamepanga. Nikawa sigusi chakula mpaka mke wangu aonje kwanza. Nilipekua chini ya godoro, juu ya mlango, ndani ya mito, nikitafuta hirizi. Nikaokota pini ya nywele. Nikaitupa chooni.

Na yule wa mashine ya tatu? Yeye sikumshuku. Yeye nilimtafuta.

Jioni nne nilikwenda, hayupo. Nilicheza peke yangu mpaka vifaa vyangu vya kazi vikaisha kwenye begi, nikiviuza kimoja baada ya kingine. Jioni ya tano harufu ile ilinipokea mlangoni.

"Bonyeza."

Nikashinda.

"Leo nachagua mimi," akasema. "Siku aliyozaliwa binti yako."

Nikamgeukia. "Ile ya kwanza... ulichukua ipi?"

Akaniinamia sikioni.

"Baba yako alikuwa na maneno matamu siku ile. Alikushika mkono, akakuambia..."

"Aliniambia nini?"

"Bonyeza tena, unipe ya binti, nikuambie."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilikiona kinashuka chenyewe.

Nikapiga kelele.

"Fundi!" Dada wa kaunta alikuwa amesimama. "Unaongea na nani?"

Nikageuka. Kiti kitupu.

"Kulikuwa na mzee hapa..."

"Kila anayekaa hapo huongea peke yake," alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa ofisi ya bosi. "Nimeshazoea." Akapenyeza karatasi chini ya nondo. Ilikuwa na namba ya msaada, ileile iliyobandikwa ukutani kwa herufi ndogo kama sisimizi. "Nikuandike kwenye daftari la waliojizuia? Nikishakuandika, hata ulie, hutacheza hapa."

Nikatia sahihi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu karibu kila kitu. Hakunigombeza. Alipiga ile namba mwenyewe, maana mimi sauti ilikuwa haitoki. Jumatano tukaenda zahanati, kwenye chumba cha chanjo, wanakokutana kikundi cha wanaoacha kamari. Walikuwepo watu saba na muuguzi mshauri. Nikaeleza.

"Ulikuwa hulali, una mawazo, unacheza kila siku," muuguzi alisema kwa upole. "Akili iliyochoka hivyo hupoteza mambo, na huona mambo. Utapona, ila usibaki peke yako."

Nikaitikia. Nilitaka sana kumwamini.

Kwenye korido mama mmoja wa kikundi kile, mwalimu mstaafu, alinivuta shati.

"Alikuwa ananuka udongo mbichi?"

Habari ya harufu sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hata mke wangu.

"Alichukua nini kwako, mwalimu?"

"Sijui, mwanangu. Nimemuuliza binti yangu. Analia tu, hataki kuniambia."

Huu ni mwezi wa nane sijacheza. Kazi zimerudi, nakula bila kumwonjesha mtu. Mke wangu amenisimulia siku ile mara nyingi, na kila mara anafika palepale: "Baba akakuita, mkafunga mlango. Ulipotoka ulikuwa unalia na kucheka. Ukasema utaniambia tukishazika."

Sikuwahi kumwambia.

Baba hayupo. Amebaki mmoja tu anayeyajua maneno yale, na najua anapokaa. Kwa hiyo kila jioni, jua likianza kuzama, mimi na mwalimu tunapigiana simu mpaka hamu ipite.

Jana alichelewa kupokea.

"Fundi," alininong'oneza, "nikimuuliza yule mzee maneno ya baba yako, naye akanijibu... nikwambie?"

Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zinalia.

Nilimwita mke wangu. Tukavaa viatu tukimbilie kumtoa. Mlangoni nilimpa mkono wangu, nikamwomba aushike kwa nguvu zake zote, asiuachie tukifika kule, hata nikimsihi.