Plasta ya Ukurasa wa Tano

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake, mchora mabango. Jina hilo la utani alilipata kwa wingi wa maneno. Aliosha brashi, akafunika makopo ya rangi, kisha akasimama kutazama herufi zikijipanga ubaoni.

"Shangazi, nami nipe brashi," aliomba bila kuchoka.

Siku moja shangazi alimpa daftari na penseli. "Chora mkono wako wa kushoto, mmoja kila siku, uandike na tarehe. Ikitimia mikono thelathini, bango la duka la viatu tutalichora wote."

Chiriku alichora siku nne. Ya tano aliruka kamba, ya sita alichoka, na baada ya hapo daftari likalala chini ya mto. Mwezi ulipokaribia kwisha, alijifungia chumbani, akachora mikono ishirini na sita kwa mkupuo, kila mmoja akaubambikia tarehe yake. Kaka yake alichungulia mlangoni.

"We pweza, mikono yote hiyo ya nini?"

"Toka! Msanii hasumbuliwi."

Kesho yake shangazi alilipekua daftari taratibu. "Una jicho kali," alisema. "Hata plasta ya kidole gumba hukuisahau. Ulijikata lini?"

"Juzi, nikimenya viazi."

"Juzi? Mbona plasta naiona tangu ukurasa wa tano?"

Chiriku aliutazama mkono wake kana kwamba ndio uliomchongea.

"Nilichora yote jana, Shangazi," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini bango nitalichora peke yangu."

Likachorwa, likatundikwa. Chiriku alilipita kila asubuhi akienda shule, na kila asubuhi roho ilimuuma. Akaanza upya, katika daftari jipya. Safari hii alichora wakati chai yake ikipoa, kabla hajainywa. Siku nyingine mkono ulitoka kama uma, siku nyingine kama kichana cha ndizi. Hakufuta.

Daftari lilipojaa, alilipeleka karakana. Shangazi alisimama kwenye ukurasa mmoja mweupe, wenye tarehe tu.

"Na hapa?"

"Siku hiyo sikuchora. Nikaongeza siku moja mwishoni."

Shangazi aliulinganisha mkono wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza ulikuwa glavu iliyovimba. Wa mwisho ulikuwa na mifupa ndani. Alichovya brashi katika rangi nyekundu, akamkabidhi mbele ya ubao mtupu wa kinyozi.

"Herufi ya kwanza ni yako," alisema. "Na ushike neno hili, mwanangu: mkono haudanganywi. Ukiufunza kila siku, hata kwa dakika tano, utakutii. Ukiukurupusha siku moja, utakuumbua mbele za watu."