Ngisi wa Jana

Akitoka shule, Kidomo hupitia jikoni kwanza, viatu huvua baadaye. Familia nzima ilimpa jina hilo kwa kupenda kwake kula. Lakini wiki hiyo alikuwa kitandani kwa mafua makali na homa. Mama alikuwa kazini, na bibi aliyemuuguza alimlisha uji asubuhi, mchana na jioni.

"Bibi, hata kipande kimoja cha ngisi?"

"Thubutu! Mwenye mafua hali vitu vya baharini. Kunywa uji, mjukuu wangu."

Ngisi wenyewe walikuwa wamebaki tangu jana mchana. Sufuria ililala mezani bila kupashwa moto, na bibi alitaka amalize kufua ndipo awamwage. Alipotoka tu kwenda uani, Kidomo akanyata jikoni, akafunua sufuria na kubugia vipande vitano. Walikuwa wamechacha, lakini pua yake ilikuwa imeziba. Hakusikia harufu wala ladha.

Baada ya saa chache tumbo likaanza kumsokota. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Bibi akamshika mkono, wakaenda zahanati wakipumzika kila kona.

"Amekula nini?" muuguzi akauliza.

"Uji tu," Kidomo akawahi kujibu.

Muuguzi akamgeukia bibi. "Bibi, maji ya uji yalichemka? Kikombe kilikuwa safi?"

"Nimelea watoto saba kwa uji huu, mwanangu. Labda macho yangu siku hizi… labda sikukiosha vizuri. Nimemuumiza mjukuu wangu." Machozi yakamtoka.

Kidomo hakuweza kuvumilia. Aibu ilimuuma kuliko tumbo.

"Si uji! Nilidokoa ngisi wa jana."

Muuguzi akamkorogea dawa ya chumvi na sukari, anywe kidogo kidogo. "Bibi, uji wako hauna kosa. Na mafua hayana ugomvi na ngisi. Wangekuwa wazima na wamepikwa leo, wangempa nguvu. Hawa walikuwa wameharibika." Kisha akamtazama Kidomo. "Na wewe, pua ikiziba, muulize mtu mzima kabla ya kula. Ukinidanganya, nitatibu ugonjwa usio wako, na anayekupenda atabeba lawama yako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe," bibi akasema akimpangusa uso. "Ila ukitamani kitu, niombe hata mara ya pili. Mimi ni mkali, lakini si jiwe."