Namba Iliyojibu kwa Jina la Duka la Samaki

Kila asubuhi kabla ya kengele, Radostina alipitia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Lovech. Alikula banitsa yake, andazi la jibini, akiwa amesimama, huku akikagua kama barua pepe zilizotumwa na shule zimefika. Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Vatev, kwa kuwa hakuna aliyemshinda katika chama cha kompyuta.

Jumatatu moja, baada ya shule kubadilishiwa laini ya intaneti, alikuta barua ya kwaya imerudishwa. Ilikuwa ya kuomba nafasi katika tamasha la mji wa Varna, na maombi yangefungwa Ijumaa hiyo.

Ili kujua sababu, aliuliza mtandao: jina la shule mtandaoni lina namba gani? Jibu lilikuwa sahihi. Akageuza swali: namba hii ni ya nani? Likaja jina la duka la samaki.

"Kumbe siku hizi tunauza samaki," alisema Yasen, rafiki yake aliyeimba kwenye kwaya. "Unabisha hodi ukisema wewe ni shule, namba yako inasema wewe ni muuza samaki. Hata mimi nisingekufungulia. Mwambie mwalimu."

"Niache bwana. Nitamaliza mwenyewe."

Alizima mitambo na kuiwasha. Aliandika jina la shule upya, akafuta, akaandika tena. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lilelile.

"Vipi, barua ya kwaya imekwenda?" Mwalimu Vatev alimuuliza Jumatano.

"Iko njiani, mwalimu."

Tangu hapo banitsa ilibaki kwenye mfuko wake bila kuliwa. Kwaya ilifanya mazoezi chumba cha jirani, na kila wimbo uliopenya ukutani ulimchoma. Hakuwa na la kujaribu tena. Ijumaa mchana alikwenda kwa mwalimu, akasema yote huku akilia.

Mwalimu aliipigia simu kampuni ya intaneti. Walifuta mara moja jina la duka la samaki, mteja wao wa zamani, lakini wakaonya kuwa jina la shule litachukua muda kuenea. Mwalimu akapiga simu Varna, ikaita bila kupokelewa. Barua ilitumwa tena, ikafika Jumamosi. Waandaaji walijibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa.

"Nilijaribu kila kitu, mwalimu," Radostina alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Jina letu tunaliandika sisi. Lakini namba ni mali ya kampuni, na jina linalotoka kwenye namba huandikwa na mwenye namba. Hata ungekesha mwezi mzima usingeweza. Kushindwa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuniambia iko njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Radostina aliinamisha kichwa.

"Kwaya hawajui bado kuwa nafasi imepotea," mwalimu aliendelea, akifungua mlango. "Nitasimama karibu yako. Lakini atakayesema ni wewe."