Mashine ya Kioo Kilichokufa

Mezani vilibaki vitu viwili: waya wa chaji na hedifoni. Mashine yenyewe ilikuwa imekwenda.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi akihema, maana nyumba ilikuwa ghorofa ya nne na goti lake la kulia lilikuwa na ugomvi na kila ngazi. Hakuingia mara moja. Kabla ya kukanyaga nyumba ya mtu alipenda kuitazama kwanza. Kituoni walimwita Taratibu, naye hakuchukia.

Mlango ulikuwa wa mbao, na mbele yake geti la nondo lenye kufuli kubwa kama ngumi. Kufuli lilining'inia upande wa nje. Ndani mlikuwa na vyumba viwili vidogo, dirisha moja, nalo lina nondo. Cherehani ilikaa pembeni, na kando yake mafurushi ya sare za shule yaliyofungwa tayari kwa wateja. Hewa ilikuwa nzito, hewa ya kitambaa kipya na chumba kisichozoea kufunguliwa.

Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi mezani, viganja vimelala pale mashine ilipokuwa, kama anayetafuta joto kwenye jiko lililozimwa. Alikuwa haoni tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuchapa: alisikiliza kanda za watu wengine na kuziandika neno kwa neno. Nyuma ya kiti alisimama dada yake, mshonaji, tepu ya kupimia imemzunguka shingo, na chini ya tepu kamba yenye ufunguo mmoja.

"Nani aligundua?" Inspekta aliuliza.

"Mimi," alisema Mchapaji. "Saa moja kasoro nilikwenda kuoga. Bafu liko mwisho wa ukumbi. Niliporudi, meza tupu."

"Dada mtu ulikuwa wapi?"

"Bombani, chini, nachota maji, afande," alijibu Dada. "Geti nililiacha wazi kwa sababu huyu alikuwa bafuni. Dakika kumi tu. Mwizi hahitaji zaidi."

"Kwa kawaida hulifunga?"

"Kila ninapotoka. Watu wabaya, na huyu haoni."

"Humfungia kwa nje?"

"Ndiyo. Kwa usalama wake."

Inspekta aliandika hilo polepole. Kwa pembe ya jicho aliona vidole vya Mchapaji vikijikunja.

"Mashine ya namna gani?"

"Laptopu iliyotumika. Si ghali. Lakini bila hiyo sina kesho." Mchapaji alivuta pumzi. "Kesho saa mbili nina mtihani wa kazi mahakamani. Kuchapa mashauri. Barua imesema kila mtu aje na mashine yake. Asiye nayo, nafasi yake apewe mwingine. Miaka sita naomba kazi, afande, na hii ndiyo barua ya kwanza iliyosema njoo."

"Mtihani mwingine utakuja," Dada alisema, akimpapasa bega. "Riziki haina haraka."

Bega lile halikutikisika.

Koplo, mama mnene aliyefanya kazi na Inspekta miaka mingi, alikuwa amepiga magoti akipaka unga wa alama za vidole kwenye meza. Alikwisha tazama kabatini na chini ya kitanda. Aliponyoosha mkono kwenye mafurushi, Dada alimwahi.

"Hizo mali za watu, nimekwisha hesabu na kufunga. Nikifungua na pungufu likatokea, nani atalipa? Leteni karatasi ya hakimu."

"Haki yake," Inspekta alisema. "Una unayemshuku, mama?"

"Fundi aliyemuuzia. Yule Miwani wa duka la kona. Alimpa rahisi mno, kisha jana akapita hapa ati kuangalia betri. Mtu hauzi rahisi bila sababu."

*

Duka la Miwani lilikuwa pana kama kabati. Mwenyewe alikaa katikati ya maiti za kompyuta, miwani miwili usoni, mmoja machoni na mwingine kwenye paji.

"Nimwibie yule dada?" alisema. "Afande, yule alinitesa siku tatu. Nikiona mashine yake ninaipisha njia."

"Alikutesaje?"

"Wateja wangu huuliza rangi. Wanauliza kama kioo kinang'aa. Yeye alikaa hapo ulipo, akawa anapapasa vibonyezo kama daktari anayetafuta mshipa. Hii hapana, vibonyezo vimebanana. Hii hapana, ile batani ya kuiamrisha sauti ya mashine inayomsomea maandishi imefichwa chini ya nyingine. Hii hapana, haina tundu la hedifoni. Akataka kumbukumbu ya mashine iwe gigabaiti nane, si nne, kwani mashine ikiwa nzito, ile sauti inayomsomea huja kwa kigugumizi. Nikamwambia, mama, kwa mfuko wako hiyo haipo. Iliyopo yenye sifa zote hizo kioo chake kimekufa, ni giza tupu. Unajua alisemaje?"

"Sema."

"Akacheka. Kasema, 'Hicho kioo mimi ningekitazama na nini? Nitolee thamani yake.' Nikamtolea nusu ya bei. Nilipata, naye alipata. Tangu nianze biashara sijaona mtu aliyechagua vizuri kama yule asiyeona."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Kioo hakionyeshi kitu kabisa?"

"Hata nukta. Ndiyo maana betri inadumu saa tisa, kioo hakiilambi. Jana nilipita kuipima." Miwani aliinua mabega. "Mwizi aliyeichukua atalia. Akiileta kwangu nitampa bei ya chuma."

Inspekta alirudi njia nzima akitafuna jambo hilo. Mwizi wa kuuza angechukua waya wa chaji. Mwizi wa kuuza angeiwasha, aone giza, aitupe ngazini. Huyu alichomoa waya, akachomoa hedifoni, akaviacha vimelala mezani kwa unadhifu. Hakuitaka mashine. Alitaka tu isiwepo.

*

Saa saba na nusu alikuwa juu tena. Alimwomba Koplo amchukue Dada ukumbini kwenye mwanga, wamalizie alama za vidole. Mlango uliporudishwa, aliinama karibu na Mchapaji.

"Ulipokwenda kuoga uliizima?"

"Hapana. Niliiacha inafanya kazi."

"Ikifunikwa hulala?"

"Za watu hulala. Yangu nimeiambia isilale, maana nikiwa safarini husikiliza kanda imefunikwa mkobani."

"Chaji?"

"Nilichomoa waya saa kumi na mbili, imejaa." Alihesabu kwa vidole. "Ikibaki asilimia kumi husema, kwa sauti. Saa nane na dakika chache, kama Miwani alipima sawasawa. Halafu saa tisa hufa."

"Hedifoni zikichomolewa?"

"Humwambia kila mtu aliyemo."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Chumba hakikuwa na masikio yako peke yako, afande."

Inspekta alimtazama. "Unamjua."

"Sijui kitu. Mimi huongozwa na mkono mmoja, na mkono ule umenilisha tangu nina miaka minne. Nikiutaja, kisha ikaonekana si wenyewe ulioiba, nitalala wapi? Ufunguo anao yeye. Lakini nikinyamaza, kesho imekwenda, na nitabaki humu mpaka nizikwe. Ndiyo maana nikaita polisi. Nilitaka mtu mwingine asikie."

Koplo alikohoa mlangoni. Walirudi ndani.

*

Inspekta alivuta kigoda akakiweka kati ya mafurushi na geti, akakaa, akanyoosha goti lake.

"Bado kuna nini, afande?" Dada aliuliza.

"Maelezo machache."

"Mimi nina mteja. Sare zinatakiwa shuleni kabla ya saa nane." Alikwisha inamia furushi la mwisho, lile la kitambaa cha buluu.

"Mteja atasubiri. Keti, mama."

Dada akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedeli. Mashine ikanguruma.

"Na hiyo nayo ipumzike," Inspekta alisema.

Pedeli ikasimama. Koplo alisimama mlangoni na kuuziba wote. Jua lilipita kwenye nondo za dirisha na kuchora mistari sakafuni. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Dada alitazama furushi, akatazama dirisha, akatazama furushi tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Tunangoja nini?" aliuliza.

"Tunazungumza. Barua ya mahakama, nani aliisoma?"

"Mimi. Barua zake zote nasoma mimi. Tangu shule."

"Ilisemaje?"

"Kesho saa mbili, aje na mashine. Basi."

"Basi?"

"Basi, afande. Nikuapie?"

"Usiape, Dada," Mchapaji alisema taratibu. "Na chumba?"

Dada aligeuka. "Chumba gani?"

"Barua ilisema nikifaulu nitapewa chumba cha watumishi, nyuma ya mahakama. Mstari wa tano."

"Nani kakwambia?"

"Mashine. Siku barua ilipokuja ulichelewa kurudi. Nikaiweka barua mbele ya kamera, ikanisomea. Barua ya kwanza katika maisha yangu kuisikia kabla yako. Uliporudi ukanisomea wewe, ukauruka mstari ule. Nikanyamaza."

Dada aliishika tepu shingoni. 

"Nilijiuliza," Mchapaji aliendelea, "ni mistari mingapi umeiruka miaka yote hii."

Saa ya Koplo ilionyesha saa nane na dakika sita. Saba. Dada alisimama ghafla, akalikumbatia furushi la buluu kifuani kama mtoto.

"Nimechelewa," alisema. "Nipisheni. Nipisheni nitoke kwenye nyumba yangu."

Koplo hakusogea.

Na pale pale, kutoka kifuani mwake, katikati ya sare arobaini zilizopigwa pasi, sauti tulivu isiyo ya mwanamume wala mwanamke ilisema: "Chaji imebaki asilimia kumi. Tafadhali chomeka waya."

Dada alisimama kama aliyeshikwa na umeme. Furushi lilimteleza mpaka magotini, akalidaka, akaliweka chini kwa uangalifu zaidi kuliko mtu anavyoweka kitu alichokiiba.

"Lakini ilikuwa giza," alinong'ona. "Nilitazama kabla sijaifunika. Ilikuwa giza."

"Imekuwa giza tangu siku iliyonunuliwa," Inspekta alisema. "Macho yako ndiyo yaliyokuponza. Ulikusudia kuitupa?"

"Hapana. Wallahi... hapana. Ningeirudisha kesho jioni. Ningesema nimeiokota ngazini."

"Mtihani ukiwa umepita."

"Ukiwa umepita."

"Kwa nini, mama?"

Dada aliketi sakafuni, mgongo kwenye cherehani. Aliongea akiitazama mikono yake.

"Mama yetu alipokuwa anakata roho alinishika hapa." Alijigusa kifundo cha mkono. "Akasema, usimwache mwenzio hata siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja mtu kunichumbia, nikamwambia nina mtoto. Akaja wa pili, akasema mpeleke huyo kwa ndugu, nikamfukuza. Wa tatu hakuja. Nimekuwa macho yake miaka ishirini na sita, afande. Nimemsomea barua, dawa, mpaka maandishi ya mfuko wa chumvi. Sasa macho yamepatikana dukani, kwa nusu ya bei, ya mtumba. Akienda kwenye chumba chake, mimi ni nani? Nitafungua geti hili nimkute nani?"

"Ulimfungia yeye," Inspekta alisema, "na wewe ukafungwa upande wa pili."

"Ufunguo ulikuwa kwangu. Nilidhani aliye na ufunguo hafungwi."

Koplo alikwisha toa pingu. Alimtazama mkubwa wake. Inspekta alimtazama Mchapaji.

"Mlalamikaji ni wewe, binti. Ukisema neno, tunampeleka."

Mchapaji alipiga magoti, akafungua furushi kwa vidole, akaitoa mashine kati ya makola na vifungo. Aliibeba mpaka mezani, akautafuta waya, akauchomeka. Sauti ikasema inachaji. Hapo tu ndipo mabega yake yaliposhuka.

"Barua ulizoniruka mistari ziko wapi?" aliuliza.

"Kabatini, chini ya karatasi ya droo. Zote. Sikuchoma hata moja."

"Nitazisoma mwenyewe." Alinyoosha kiganja kuelekea sauti ya dada yake. "Ufunguo."

Dada aliivua kamba. Ilinasa kwenye tepu ya kupimia, wakahangaika kuitenganisha, mikono minne pamoja. Kisha ufunguo ukawa kwenye kiganja cha mdogo mtu.

"Kesho saa kumi na mbili tunatoka," Mchapaji alisema. "Utanishika mkono mpaka mlango wa mahakama, kwa sababu njia sijaijua bado. Mlangoni utaniachia. Ukilia, ulie nje."

"Na nikishakuachia?"

"Urudi, ushone. Jumamosi nitakuja kukuona. Nitabisha hodi, nawe utafungua."

Inspekta alilifunga jalada. Aliandika: mali imepatikana, mlalamikaji hana shauri. Alitoka na Koplo, goti likilalamika tokea ngazi ya kwanza.

Walipofika ghorofa ya tatu alisimama, akainua kidole. Juu yao geti lilikuwa limefungwa tena, na mtu alikuwa anajifunza kulifungua, akilipapasa kufuli kutoka ndani, mkono umepitishwa kati ya nondo. Chuma kiligonga chuma, kikakosa tundu. Kikakosa tena. Sauti ya Dada ilisema, "Lete nikusaidie," na sauti nyingine ikajibu, "Acha."

Inspekta alingoja pale ngazini, mkono kwenye ukuta, mpaka kufuli lilipofunguka. Ndipo akashuka.