Nguo Iliyokatazwa Kufuliwa

Wanawake watatu wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, waliokuwa wakienda bombani alfajiri ya Alhamisi ndio waliomkuta Godefroid. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya reli, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya gunia, damu imeganda kichwani, na mvua ya usiku imemlowesha mpaka mifupa. Walidhani ni maiti. Mmoja alipoanza kilio cha msiba, maiti ikasema, "Mama, usinililie. Unifungue kwanza."

Saa moja asubuhi alikuwa kituo cha polisi, amefungwa kitambaa kichwani. Aliyemhoji ni Inspekta Jocelyne Kalombo, mwanamke ambaye kiti hakikumweka. Aliuliza huku akitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, na aliyehojiwa alilazimika kumfuata kwa macho.

"Nani alikupiga, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa heshima.

"Polisi."

Askari wawili waliosimama mlangoni wakatazama viatu vyao.

"Ulimuona uso?"

"Mvua ilikuwa mingi, mama, na jua lilikuwa linaingia. Alijifunga kitambaa mpaka kwa pua. Alinyoosha mukono, mi nikasimamisha pikipiki. Polisi akinyoosha mukono, utafanya nini? Njo akanipiga fimbo palepale."

"Alisema nini?"

"Hata neno moja."

"Nguo yake?"

"Ya buluu, sawa ya hawa. Matope kwenye magoti. Na hapa," Godefroid akagusa kifua chake, "kifungo cha juu hakikuwako. Shati lilikuwa linafunguka."

"Alikunyang'anya nini?"

Godefroid akashusha sauti. Pikipiki aliikuta pale pale, imeangushwa tu majanini. Kilichochukuliwa kilikuwa kitu kingine: mashine ya kupima mawe, ile yenye umbo la bastola, ambayo ukiielekeza kwenye jiwe inasoma shaba iliyomo na kobalti iliyomo. Wachimbaji wa shimo lake, ambao humwita PDG kwa kuwa ndiye mkuu wao, waliinunua kwa kuchanga. Tangu siku hiyo hakuna depo ya kununua mawe iliyoweza kuwadanganya kwamba mawe yao ni udongo mtupu.

"Batoto ba shimo bakijua, mama," akasema, "haitakuwa muzuri."

Walikuwa wamekwisha kujua. Na walijua zaidi ya hapo: kwamba katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi kulikuwa na watu wa televisheni kutoka Lubumbashi, wanaopiga picha za mchezo, na kwamba katika mchezo huo kijana mmoja wa Kapata anavaa nguo ya polisi. Kabla Inspekta hajatoa amri, mmoja wa askari wake alikuwa ameshamleta kijana huyo na kumtia kasho, chumba cha mahabusu. Aliitwa Dodo.

Saa tatu, Godefroid akiwa ameshapelekwa hospitali, wachimbaji walikuwa wamejaa mbele ya kituo. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Jocelyne wasiwasi. Walisimama wakiwa na sepetu zao, wakisubiri. Mmoja tu alizungumza, kwa adabu kabisa: "Mama Inspekta, utupatie ule muntu. Tutamuuliza sisi wenyewe. Tutakungojea mpaka saa sita."

Mama yake Dodo, Mama Marie, alikuwa ameketi chini mbele ya mlango wa kasho, miguu ameinyoosha. "Wakimtoa, wataniruka mi kwanza," alisema.

Kituo kilikuwa na askari wawili, na mlango ulikuwa wa mbao. Jocelyne akaenda kwenye tundu la kasho.

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Kwetu. Tulikuwa tunakula bukari na mama."

"Mama gani atasema hapana?"

"Njo hiyo, mama. Najua." Dodo aliegemeza paji la uso kwenye mbao. "Mama, unajua kazi yetu? Sisi ni batu ba kujaza picha. Unapita nyuma na beseni, unapita tena, unaambiwa usitazame kamera. Tangu mwanzo wa mchezo huu kamera iliona mugongo wangu tu. Juma hili njo walinipatia uso. Nimufukuze mwizi, nianguke, nisimame, niseme maneno mawili. Nitaenda kuiba na nguo ile ile iliyonipatia uso?"

Jocelyne, aliyevaa nguo za raia, akachukua mwavuli wake na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Mbele ya ukumbi watu ishirini na zaidi walikuwa wamekaa kwenye matofali, wamevaa kama wako sokoni. Kabla hajasema lolote, msichana mwenye nywele za kusuka ndefu alimjia mbio, akamtwika beseni la nyanya kichwani.

"Mama, umechelewa. Utapita kutoka pale mpaka pale. Na usitembee hivyo, unatembea sawa mupolisi."

"Niko polisi," Jocelyne akasema chini ya beseni.

Matofali yote yakacheka. Msichana yule, Chancelle, mtunza mavazi, alicheka mwisho na kunyamaza wa kwanza. Lakini Jocelyne hakulishusha beseni. Alisimama nalo kati ya wale watu, kwa kuwa aliona kwamba mwenye beseni huambiwa mengi kuliko mwenye kalamu.

Waliongea. Kazi yao ilikuwa kungoja, na mtu anayengoja huongea. Walilalamika kwamba mbuzi waliotolewa Kasaji walipewa heshima kuliko wao: walipakiwa mbele ndani ya gari pamoja na dereva, na mvua ya jana ilipowakuta hapa wakafunguliwa ukumbi, wakati watu walikimbilia chini ya paa la choo. "Mbuzi moja imepewa uso," mama mmoja akasema. "Kamera ilienda mpaka kwa pua yake. Mi niko na meno yote, hakuna aliyeyaona."

Kiongozi wao aliitwa Ruffin, mtu wa miaka hamsini, nywele nyeusi tii. Alikuwa anacheza mnunuzi wa depo, na mfuko wa vifaa vyake ulining'inia begani. Mara kwa mara aliuhamisha kutoka bega hili hadi lile, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Ndipo Chancelle alipotoka ukumbini na nguo ya polisi mkononi.

"Nitauliza mara ya mwisho," akasema. "Nani amefua hii?"

Jocelyne akashusha beseni, akaishika nguo. Shati la buluu lilikuwa safi, limepigwa pasi, mikunjo ya mikono imesimama wima. Suruali haikuwa na tone la tope. Akahesabu vifungo vya shati. Vyote vilikuwapo, hata cha juu.

"Kwa nini kufua ni kosa?" akauliza.

"Juu ya rakori, mama, picha zifanane. Siku ya pili ya juma hili Dodo alianguka kwenye matope, tukapiga nusu. Leo tunapiga nusu ingine. Matope lazima yabaki palepale, magoti yale yale, la sivyo anaanguka akiwa mchafu anasimama akiwa bibi harusi. Niliwaambia wote, siku ile ile, mbele ya sufuria ya mchele. Muntu asifue, muntu asishone, hata kifungo kilichokatika kikae kimekatika."

"Kifungo kilikatika siku ya pili?"

"Cha juu. Aliposhikana na mwizi."

Jocelyne akaanza kutembea, kutoka mlangoni hadi kwenye matofali na kurudi. Jana magharibi kifungo hakikuwapo. Godefroid alikiona kimekosekana. Leo asubuhi kipo. Basi nguo iliyompiga Godefroid ni hii, na sindano iliingia baada ya fimbo. Aligeuza shati ndani. Kifungo kilishonwa kwa uzi wa kijani, umezungushwa vizuri na kufungwa fundo dogo, kazi ya mtu asiyependa kuona nguo ikifunguka kifuani.

"Nani anakaa na ufunguo wa ukumbi?"

Macho yote yakamwendea Ruffin.

"Niko nao," Ruffin akasema. "Lakini jana kutoka saa kumi nilikuwa nyumbani."

"Muke yako anasema hapana," mama wa meno akasema. "Alikuja kukutafuta kwangu."

Ruffin akahamisha mfuko bega. Jocelyne akamsogelea, akamtazama nyuma ya sikio. Palikuwa na doa jeusi, kama wino, limeshuka hadi kwenye kola.

"Tata Ruffin. Batu babiri beko kwa mashaka juu yako. Mumoja eko kasho, mwingine eko hospitali. Ulikuwa wapi?"

"Manika," Ruffin akasema polepole.

"Kufanya nini?"

"Kupaka nywele." Alisema kwa sauti ya kanisani. "Kuna nafasi ya bwana arusi juma lijalo. Walitaka muntu wa miaka selasini."

Watu walijiziba midomo. Jocelyne hakucheka. "Na ufunguo?"

"Nilimuachia Elisée. Dereva. Juu ya mbuzi zake, mvua ilikuwa inakuja."

Elisée alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapangusa kioo cha gari. Kijana mpole mwenye mabega ya mchimbaji. Jocelyne hakumwita. Alimuuliza Chancelle kwa sauti ya chini: "Siku ya pili, mbele ya sufuria ya mchele, nani hakuwako?"

Chancelle akafikiri. "Wote walikuwako. Isipokuwa dereva. Alitoka asubuhi kwenda Kasaji kutafuta mbuzi."

"Mtu wenu angefua damu," Jocelyne akasema, kama anayejisemea, "halafu angepaka matope tena. Matope hapa hayanunuliwi."

Jua lilikuwa linapanda kuelekea saa sita. Alikunja shati, akalitia mkobani, akauliza nyumba ya dereva.

Ilikuwa safu ya tatu ya nyumba za kampuni, yenye lupango, ua uliofagiwa mpaka mchanga ukang'aa. Mke wa Elisée, Joyeuse, alikuwa anapiga pasi ya makaa juu ya meza: nepi, shuka, hata soksi. Wakati wa mvua kila mama wa Kolwezi hufanya hivyo, kwa kuwa nzi hutaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa nje, na yai lisipochomwa na pasi, funza ataota kwenye ngozi. Katika kamba ilining'inia sare ya shule ya mtoto, imeshonwa bega kwa uzi wa kijani.

Jocelyne akalitoa shati. "Mama, kazi hii ni ya nani?"

Joyeuse akalitambua, akatabasamu kwa aibu. "Ni miye. Haikukauka vizuri? Bwana alinihimiza. Damu ya mbuzi ni ngumu, mama, nilisugua na majivu."

"Alikuambia ni damu ya mbuzi?"

"Moja ilijikwaruza ndani ya gari. Alikuwa ameazima nguo ya kazi, yake ililowa. Nikaona kifungo hakuna. Nguo ya batu huwezi kuirudisha hivyo, watasema huyu ameoa nani."

Jocelyne alitaka kukaa, kwa mara ya kwanza siku ile, lakini hakukuwa na kiti. "Mama," akasema, "nguo hii ilikuwa imekatazwa kufuliwa. Wenye mchezo wamekasirika."

Hakusema uongo. Hakusema pia yaliyobaki. Joyeuse aliweka pasi kwenye tofali. "Watamufukuza kazi," akasema, akajifunga kikwembe upya na kutangulia njiani. Jocelyne alimfuata. Angeweza kumwita arudi. Alifikiria sepetu zilizosimama mbele ya kituo, na mlango wa mbao, akaendelea kutembea.

Ukumbini Joyeuse alipita katikati ya watu wote, akasimama mbele ya Chancelle, mikono ameikutanisha.

"Dada, ni mi nilifua. Ni mi nilishona. Elisée hakujua kama ni kosa, na mi sikujua. Alikuja nayo jana usiku imelowa, damu ya mbuzi yote mbele. Mukate kwa mushahara wake, lakini musimufukuze."

Kitambaa kikadondoka mkononi mwa Elisée. "Joyeuse," akasema. "Nyamaza."

"Ninyamaze juu ya nini? Ninakutetea."

Jocelyne akatoka walikofungwa mbuzi, akaja kusimama kati yao. "Elisée, mbuzi zako nimeziangalia zote. Hakuna yenye jeraha. Kuna Godefroid tu."

Joyeuse akamgeukia mumewe. Polepole, kama mtu anayeteremka shimoni kwa kamba, uso wake ukashuka.

Elisée hakukimbia. "Nilichimba na Godefroid miaka mine," akasema. "Tulifukiwa pamoja, tukatolewa pamoja. Nilipopata gari wakasema nimetoka shimoni. Wakanunua mashine, wakasema si yako tena. Mwenye depo moja akaniambia, niletee ile mashine, nitakupatia gari lako mwenyewe. Alitaka mashine iishe Kapata, awadanganye tena. Sikutaka kumuua. Njo maana sikusema kitu. Angenijua sauti."

"Iko wapi?"

Macho ya Elisée yakakimbilia bega la Ruffin. Jocelyne akamgeukia Ruffin, akanyoosha mkono.

"Tata, ule mufuko tangu asubuhi unakulemea."

Ndani mlikuwa na mashine mbili. Moja ya mbao, imepakwa rangi kwa ajili ya mchezo. Nyingine, iliyoviringishwa kwenye tambara, ilikuwa nzito na ilikuwa na kioo.

"Mufuko ulilala ukumbini, na ufunguo ulikuwa kwangu. Vifaa vya mchezo narudisha mi mwenyewe Manika, leo jioni," Elisée akasema. "Nani atauliza mashine ya kudanganya?"

Dakika chache kabla ya saa sita, Godefroid mwenyewe, ameletwa kutoka hospitali, kichwa kimefungwa, alisimama mbele ya kituo na kuinua mashine ili wote waione. Sepetu zikashuka. Alipoambiwa jina la aliyempiga, hakuwaambia wenzake palepale. Aliomba maji kwanza. Mama Marie alikunja miguu yake, akasimama, na Dodo akatoka kasho. Alitazama matope ya uwanjani na kuuliza kama itabidi aanguke tena.

"Itabidi," Chancelle, aliyekuwa amekuja na Inspekta, akasema. "Na nguo ingine. Hii imeenda na Inspekta."

Elisée aliingia kasho lile lile. Joyeuse alikaa palepale alipokuwa Mama Marie, lakini hakunyoosha miguu. Aliikunja chini ya kikwembe, kama mgeni. Jocelyne aliliweka shati mezani, akaanza kuandika kwa kusimama.

"Mama Inspekta," Joyeuse akaita. "Ile kifungo. Nikitoe?"

Jocelyne alienda dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani.

"Hapana," akasema. "Kiache."