Stata ya Trekta la Kagoma

Rafiki yangu Byarugaba, fundi wa Miembeni, aliitwa Kagoma mwaka 1974 kwa sababu trekta la kijiji cha ujamaa lilikuwa zito kuwaka. Hakuna aliyemsalimu. Mjane mmoja, Anatolia, alisimama mlangoni mwa banda la trekta akiziba mwanga.

“Fundi, liache. Lililima juu ya kaburi la mume wangu.”

“Mama, nimetumwa.”

Betri ilikuwa imejaa, nyaya safi, lakini stata ilizungusha injini kwa shida, ikikoroma. Byarugaba akaifungua, akaiweka chini, akachomoa na betri. Anatolia akaufunga mlango kwa nje.

Katika giza lile Byarugaba akasikia injini inazunguka. Akapapasa hadi kwenye feni ya injini. Ilikuwa ikienda kinyumenyume, kinyume cha upande ambao stata ilihangaika kuizungusha, taratibu, ikivisukuma vidole vyake.