Udongo wa Nyayo za Mauwa

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kuchota udongo kando ya mto Lualaba. Aliyenituma ni Bi Ponni, mke wa fundi wa bunduki, Mhindi wa kusini aliyefika Kindu na mumewe nyuma ya msafara wa pembe za ndovu. Mimi nilikuwa mtumishi wake. Kila mwaka, kwa usiku tisa, alipanga sanamu juu ya ngazi za masanduku yaliyofunikwa kitambaa: miungu yao, wafalme, wachuuzi. Wanawake wa mtaa waliitwa, wakaimba, wakala dengu za kuchemsha.

Sikukuu nzuri. Ubaya niliuingiza mimi.

Dada yangu Mauwa alikuwa mbele yangu, mtungi kichwani. Miezi miwili kabla, Musafiri, aliyekuwa amenichumbia mimi, alimwoa yeye. Nyayo zake zilibaki kwenye tope.

Nikachota hapo hapo. Nyayo tatu.

Bi Ponni aliniruhusu kufinyanga sanamu moja. Nikafinyanga mwanamke mwenye mtungi, nikampanga kati ya wachuuzi.

Jioni ya siku ya kumi akaniambia, "Sasa tunalaza mmoja. Akilala, sikukuu imekwisha. Chagua, Feza."

Nikalaza wangu.

Harufu ya tope bichi ikajaa chumba... Sanamu ilikuwa imekauka siku nyingi. Lakini chini ya kidole changu kifua kilikuwa laini. Kikapanda. Kikashuka.

Bi Ponni aliona. Akanong'ona, "Udongo huu uliutoa wapi?"

Nikakiacha kidole pale pale.

"Muinue, mutoto. Muinue sasa!"

Akanyoosha mkono amwinue mwenyewe. Nikaudaka, nikaubana mpaka bangili zake zikavunjika.

Ndipo tukasikia kilio kutoka nyumbani kwa Musafiri.

Mauwa alikuwa ameanguka mlangoni, macho wazi. Hakuna aliyemwona akipumua. Asubuhi mama yetu akanivuta kando.

"Feza, muguse shingo. Naona kama iko na joto."

Nikamgusa. Shingo ilikuwa na joto kama yangu. Ndani yake kitu kilipiga, polepole... kikapiga tena.

"Amekwisha kupoa, mama."

Tulimzika nyuma ya nyumba, ndani ya mkeka. Mimi nilisimama karibu kabisa na shimo. Udongo wa kwanza ulipoanguka, nikasikia...

Kikohozi.

Kimoja tu.

Musafiri akainua kichwa. "Umesikia?"

"Ni udongo unashuka," nikamjibu.

Nikachota mwingine, kwa mikono miwili.